Pima kwanza, nunua baadaye: hitilafu za umeme wa gari na amana ya mali ya familia

Gari la familia linapokataa kuwaka alfajiri, hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Jirani anayerejea kutoka msikitini husema ni betri. Shemeji husema ni stata, kwa kuwa gari lake lilifanya vivyo hivyo mwaka jana. Fundi aliyepigiwa simu huuliza swali moja tu, kisha hutaja alteneta na bei yake. Baba mwenye nyumba, ambaye watoto wake wamekwisha kuvaa sare na wanasubiri, huifuata kauli ya yule aliyesema kwa sauti ya uhakika zaidi. Jioni kifaa kipya kimefungwa, ada ya madrasa imesogezwa mwezi ujao, na baada ya siku nne gari limekataa tena.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya nyumba kama hizo. Hatukusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi umeme wa magari, kwani kazi hiyo ina wenyewe na ina elimu yake. Tunachokusudia ni kwamba mzazi wa Kiislamu, mume au mke, aweze kufanya vipimo vichache nyumbani kwa mita ndogo ya mkono, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya betri mpya, na aweze kumuuliza fundi swali moja kabla ya kufungua mkoba: umepima nini, na umepata namba gani?

Yakini haiondolewi na shaka

Waliosoma fiqhi, hata ile ya madarasa ya mwanzo, wanaikumbuka kanuni kwamba jambo lililothibiti kwa yakini haliondolewi na shaka. Mtu aliyetawadha kwa yakini, kisha akaingiwa na shaka kama udhu wake umetenguka, hubaki na udhu wake mpaka apate uhakika. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya magari, lakini mwenye kuifahamu amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kutafuta hitilafu. Betri iliyowasha gari jana haihukumiwi kuwa imekufa leo kwa sababu tu gari limenyamaza. Inapimwa. Alteneta haivuliwi kwa dhana. Inapimwa. Kila kifaa hubaki katika hali yake ya uzima mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki na majuto. Aya hiyo inahusu habari zinazoletwa na fasiki, nasi hatusemi kwamba jirani, shemeji au fundi ni fasiki. Tunachochukua ni adabu iliyomo: hatua isitangulie uhakika. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa nchini Misri, alijenga elimu yake ya nuru juu ya majaribio, na aliwataka wasomaji wa vitabu vya kale wasikubali kauli kwa sababu tu ya ukubwa wa aliyeisema. Urithi huo ni wetu, na haufai kubaki kwenye maktaba ilhali katika yadi zetu tunakisia.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Kwa kawaida, umeme wa gari hutoka katika nguzo ya betri yenye alama ya kujumlisha, yaani chanya. Hupita kwenye fyuzi na swichi, mara nyingine kwenye relei, ukaingia katika kifaa kinachofanya kazi, kama taa, honi au mota ya waipa, kisha ukarudi katika nguzo ya betri yenye alama ya kutoa, yaani hasi. Safari ya kurudi ndiyo inayosahauliwa. Katika magari mengi umeme haurudi kwa waya mrefu hadi kwenye betri, bali hurudi kupitia bati la bodi na chuma cha injini, navyo vimeunganishwa na nguzo ya hasi kwa nyaya nene au za kusuka.

Mfano wa karibu ni maji ya kutawadhia. Tangi likijaa, bomba likawa zima na koki ikafunguliwa, maji hutoka. Yasipotoka, mwenye akili hanunui tangi jipya kabla ya kuitazama koki. Tofauti ni moja tu: maji yaliyotumika huenda zake, lakini umeme ni lazima upate njia ya kurudi. Njia ya kurudi ikikatika, kila kitu husimama hata kama tangi limejaa.

Hitilafu nyingi za nyaya huangukia katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni njia iliyokatika: waya umekatika, balbu imeungua au fyuzi imekwenda, na kifaa hakifanyi kazi kabisa. Fungu la pili ni shoti: waya wenye umeme umechubuka na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye kifaa, mkondo mkubwa ukapita, na fyuzi ikaungua kila inapobadilishwa. Fungu la tatu ni ukinzani: njia ipo, lakini imebanwa na kutu, unga wa asidi au nati iliyolegea. Kifaa hupata umeme pungufu, taa ikafifia na stata ikazunguka kwa uvivu.

Fungu hili la tatu ndilo linalowadanganya watu wengi, hususan sisi tunaoishi mwambao, ambako hewa yenye chumvi hula shaba na chuma bila kupiga kelele. Kwa macho waya unaonekana mzima, kumbe ndani ya kichwa chake umekuwa unga. Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alichapisha mwaka 1827 maelezo ya uhusiano uliopo baina ya volti, mkondo na ukinzani. Kijana wetu wa sekondari anaisoma kanuni hiyo darasani. Aitwe yadini aione ikifanya kazi. Binti aitwe kama anavyoitwa kaka yake, kwa maana kesho naye atakuwa na gari na watoto ndani yake.

Kabla ya kufungua boneti

Uhai ni amana kabla ya mali. Anayepima avue pete, saa na bangili, kwa sababu chuma kikiunganisha nguzo mbili za betri huwaka moto papo hapo na kuunguza kidole mpaka mfupani. Mikono ya kanzu ikunjwe, na ushungi au mtandio ufungwe nyuma, maana mkanda wa injini hauchagui nguo. Feni ya rejeta katika magari mengi inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka; kwa hiyo sigara, kibiriti na cheche visisogezwe karibu. Ndani ya betri mna asidi. Ikirukia ngozi au jicho, mahali hapo paoshwe kwa maji mengi bila kukawia, na likiwa ni jicho mtu apelekwe hospitali.

Gari likiwashwa kwa ajili ya kipimo, breki ya mkono ivutwe, gia iwe mahali pa kuegeshea, na lisiwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake huua bila harufu ya kumwonya mtu. Nyaya za betri zikibidi kufunguliwa, waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Sababu yake ni hii: spana ikigusa bodi wakati wa kufungua waya wa chanya, na waya wa hasi bado umefungwa, umeme wote wa betri hupita kwenye spana.

Vipimo vitatu vya betri

Mita ya kidijitali huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, yaani alama ya V yenye mstari mnyoofu, kwa kiwango cha 20. Waya mwekundu wa mita huguswa kwenye nguzo ya chanya, na mweusi kwenye ya hasi. Guseni risasi ya nguzo yenyewe, si kibano cha waya, kwa sababu baina ya viwili hivyo ndimo hitilafu hupenda kujificha.

Kipimo cha kwanza hufanywa gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, na bora zaidi ni alfajiri kabla ya kuliwasha. Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo juu yake. Ikijaa husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 inakaribia kuwa tupu. Zingatieni kwamba namba ndogo haithibitishi kuwa betri imekufa. Inathibitisha kuwa haina chaji, na hayo ni mambo mawili. Huenda ni nzima, ila hailishwi, au inanyonywa usiku.

Kipimo cha pili huhitaji watu wawili: mmoja aangalie mita, mwingine azungushe ufunguo. Wakati stata inavuta, volti hushuka, na hilo ni jambo la kawaida, lakini zisishuke chini ya 9.6 hivi. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka hadi 7 au 8 stata inapovuta, imeshindwa kubeba mzigo, na hapo tuhuma dhidi yake ina ushahidi. Kinyume chake, ikiwa volti zimebaki palepale kwenye 12 na zaidi na stata iko kimya, betri haina hatia. Umeme haufiki kwenye stata. Tazameni vibano, relei ya stata na swichi ya gia. Katika gari la gia za kujiendesha, jaribuni kuliwasha kwenye N badala ya P. Likiwaka, mmekwisha kupata pa kuanzia.

Kipimo cha tatu hufanywa injini ikinguruma. Katika magari mengi mita husoma kati ya 13.8 na 14.5. Washeni taa kubwa na feni ya kiyoyozi. Namba isishuke sana. Ikibaki chini ya 13 hata mnapokanyaga mafuta kidogo, betri hailishwi. Hata hapo mkanda wa alteneta, plagi yake na fyuzi yake hutazamwa kabla ya alteneta yenyewe kuvuliwa. Ikipanda juu ya 15, betri inalishwa kupita kiasi nayo itaharibika. Baadhi ya magari mapya yana kompyuta inayopunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo namba ndogo ya mara moja isiwe hukumu. Rudieni kipimo baada ya muda.

Kabla ya vipimo vyote hivi, tazameni vibano vya betri. Kukiwa na unga mweupe au wa kijani, ni asidi na chumvi zake, nao huzuia umeme. Baada ya kufungua nyaya kwa utaratibu tulioutaja, osheni kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kausheni, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'are, kisha kazeni barabara. Kibano kinachozungushika kwa mkono hakijakazwa.

Namba iliyookoa sadaka

Msikiti wetu una Hiace ya petroli inayobeba jeneza kwenda makaburini. Kwa gari hilo kuchelewa si usumbufu tu, kwa kuwa maiti ana haki ya kuharakishiwa mazishi. Lilipoanza kuvuta kwa uvivu asubuhi, likiwa na betri mpya iliyotolewa na muumini mmoja, fundi kijana aliitwa, akasikiliza kidogo, akamgeukia imamu.

"Shehe, alteneta imekwisha. Betri mpya hii, na bado haina nguvu. Tununue nyingine."

Mweka hazina wetu, mzee mstaafu wa ualimu, alimjibu kwa upole: "Mwanangu, fedha hizi ni za waumini, na kila shilingi nitaulizwa. Tupimie kwanza. Kazi ya kupima tutakulipa hata kama hakuna kitakachonunuliwa."

Kijana akatoa mita. Betri iliyopumzika ilisoma 12.6. Injini ikinguruma, alteneta ilitoa 14.3 na betri ikapokea 14.0. Alteneta ilikuwa nzima, tena ikifanya kazi yake kwa uaminifu. Ndipo fundi alipogusa nguzo ya hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita, na chuma cha injini kwa waya wa pili, akaomba ufunguo uzungushwe. Baina ya sehemu hizo mbili pasingepaswa kuwa na zaidi ya nusu volti, na ikiwa njia ni safi huwa chini ya hapo. Mita ilisoma zaidi ya 2. Volti hizo zilikuwa zikipotea njiani, kwenye waya wa kusuka unaounganisha injini na bodi, ambao ulikuwa umeliwa na kutu chini ya nati. Ulibadilishwa, mahali pake pakasuguliwa, na gari likawaka kama lilivyokuwa likiwaka zamani. Gharama yake haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya alteneta.

Kijana yule hakuwa mwizi. Alikuwa na mita ndani ya boksi lake na alijua kuitumia. Ila wateja wake wote walimzoesha kukisia, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumlipa kwa kupima. Jambo hili tutalirejea.

Kipimo kile kila nyumba inaweza kukifanya. Tendo ni moja, la kupima volti zinazopotea njiani, na ndilo linalofichua ukinzani ambao jicho halioni. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo, kutoka nguzo ya chanya hadi nati kubwa ya stata, kwa mtu anayeweza kuifikia bila kujihatarisha.

Taa, honi na fyuzi

Taa au honi isipofanya kazi, swali la kwanza ni hili: ni kifaa kimoja au vingi? Taa moja ya breki ikizimika na mwenzake inawaka, fyuzi haina kosa, maana kwa kawaida zote mbili hulishwa na fyuzi moja. Tazameni balbu, soketi yake na waya wake wa bodi. Zikizimika zote, tazameni fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida upande mmoja, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Na mkikanyaga breki kisha indiketa nayo ikafifia au kuwaka isipoombwa, njia ya kurudi ya taa za nyuma ni mbovu: umeme uliokosa mlango wake unatokea mlango wa jirani.

Fyuzi za kisasa zina migongo miwili midogo ya chuma iliyo wazi juu. Swichi ikiwa imewashwa, gusisheni waya mweusi wa mita kwenye bodi na mwekundu kwenye mgongo mmoja, kisha mwingine. Migongo yote miwili ikisoma 12, fyuzi ni nzima. Mmoja ukisoma 12 na mwingine sifuri, imeungua. Isiposomeka popote, umeme haufiki kwenye fyuzi yenyewe. Relei nayo hujaribiwa kwa kubadilishana na mwenzake yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, iwapo ipo.

Fyuzi hubadilishwa kwa fyuzi ya kiwango kilekile. Rangi zake ni lugha ya kimataifa: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Tunawaona baadhi ya madereva wakiweka kipande cha waya au karatasi ya sigara pahala pa fyuzi iliyoungua ili safari iendelee. Huko ni kumfunga mlinzi kamba na kumwachia mwizi nyumba. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ikiondolewa, shoti hupasha moto waya uliopita chini ya kapeti, chini ya viti walivyokalia watoto. Sheria yetu inakataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na hapa madhara yanaonekana kabla hayajatokea. Fyuzi ikiungua mara mbili mfululizo, acheni kubadilisha na anzeni kutafuta waya uliochubuka: kwenye bawaba za milango, kwenye kifuniko cha buti, na mahali panya walipotafuna.

Gari linaloamka bila nguvu

Kuna gari linalowaka vizuri kila siku, lakini likilala siku mbili tatu haliamki. Betri ni nzima, inalishwa vizuri, ila kitu kinainyonya gizani. Hesabu yake ni nyepesi. Balbu ndogo ya wati 5 huvuta karibu ampea 0.4. Kwa saa 24 imekunywa takriban 10 kutoka katika betri ya ampea-saa 45. Siku ya nne betri imekaribia kuwa tupu, na familia inaandaa fedha za kununua nyingine.

Anzeni usiku, bila mita. Zimeni gari, fungeni milango, mtazame: taa ya buti, taa ya kijisanduku cha mbele, taa za breki zilizogoma kuzimika. Kisha kumbukeni vyote vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari, taa za urembo. Vitu hivyo mara nyingi hufungwa kwa haraka na ndiyo watuhumiwa wa kwanza wa kupimwa.

Anayetaka namba ahamishe waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10 na kuweka kitufe cha mita kwenye ampea za mkondo mnyoofu, afungue waya wa hasi wa betri, na aweke mita baina ya waya huo na nguzo yake. Milango iwe imefungwa na ufunguo uwe umetolewa. Asubiri nusu saa au zaidi, kwa kuwa kompyuta za gari huchukua muda kulala. Gari zima kwa kawaida husoma chini ya ampea 0.05. Ikisoma zaidi sana, fyuzi zichomolewe moja moja mpaka namba iporomoke. Fyuzi iliyoiangusha namba ndiyo inayoonyesha njia ya mnyonyaji. Kwa hali yoyote gari lisiwashwe, wala taa kubwa zisiwashwe, mita ikiwa mahali hapo. Na kazi ikiisha, waya mwekundu urudishwe kwenye tundu la volti, la sivyo kipimo kitakachofuata kitaunguza mita yenyewe.

Mahali pa kusimama

Kujua mpaka ni sehemu ya elimu. Magari yanayotumia petroli pamoja na umeme, ambayo yameongezeka barabarani, yana betri ya pili yenye zaidi ya volti 100, na nyingine zaidi ya 200. Nyaya zake hupakwa rangi ya chungwa. Nyaya hizo zinaua, na mkono wa asiyefunzwa usizikaribie. Plagi za manjano chini ya usukani na viti mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya usalama. Zisiguswe kwa mita wala kwa taa ya kupimia, kwani mfuko unaweza kulipuka usoni. Taa za onyo za breki na za injini zinahitaji mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Penye shaka, funga boneti na umwite mwenye elimu yake.

Haki ya fundi

Tumerudi kwa kijana wa Hiace. Wengi wetu tunalalamika kwamba mafundi wanabadilisha vifaa ovyo, na malalamiko hayo yana ukweli. Lakini tujiulize tunawalipaje. Fundi akitumia saa mbili kupima na akagundua nati iliyolegea, humwambia: "Umekaza nati tu, nikulipe nini?" Akibadilisha alteneta nzima kwa dakika 40, tunamlipa bila kunung'unika, kwa sababu tumeona kitu kipya kinang'ara. Kwa mwenendo huo tumemfundisha kwamba ukweli hauna ujira na ubadilishaji una ujira. Kisha tunashangaa anapochagua penye chakula cha watoto wake.

Fiqhi ya ijara inataka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Basi pateni makubaliano mawili, si moja. Kwanza: "Fundi, kupima na kunionyesha tatizo ni kiasi gani?" Kiasi hicho alipwe bila kucheleweshwa, liwe ni tatizo kubwa au nati. Pili, baada ya kuoneshwa namba kwenye mita, ndipo bei ya kifaa na ya kukifunga izungumzwe. Kifaa cha zamani kikivuliwa, mwenye gari arudishiwe. Fundi mwaminifu atafurahia utaratibu huu kuliko mwingine yeyote, kwa sababu unamtofautisha na mbabaishaji, na mbabaishaji atauchukia kwa sababu hiyohiyo.

Kwa upande wa nyumba, wekeni daftari dogo ndani ya gari. Andikeni tarehe na namba tatu za betri: ikiwa imepumzika, stata ikivuta, injini ikinguruma. Fanyeni hivyo gari likiwa zima, kila baada ya miezi michache, na kazi hiyo mpewe vijana wa nyumba. Siku gari likikataa, mtakuwa na yakini ya kuanzia, na namba iliyobadilika itamwelekeza fundi mapema. Kamati za misikiti zenye magari zinaweza kufanya hivyo pia, na mita moja ikakaa ofisini ili muumini aazime kwa ahadi ya kuirudisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza mali aliyotuamini, atukinge na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, na azibariki kazi za mikono ya mafundi wetu. Amin.